Jina Ndani ya Mstari wa Majivu

Mimi ni mtu wa kelele. Nilizaliwa hivyo, na sijawahi kuona sababu ya kuomba radhi. Katika miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu katika shule ya misheni pale Baraka, wanawake waliokuwa wakifua ziwani walijua nimefika somo gani kwa kunisikia tu. Nikiingia uwanja wa mpira, hata aliyekuwa akitembea njia ya Mboko alijua ni nani amepoteza pasi. Sikupiga kelele kwa chuki. Niliyemgombeza ndiye niliyemwona anaweza. Yule niliyemnyamazia, mara nyingi nilikuwa nimeshamkatia tamaa, na watoto walilijua hilo vizuri.

Kila kiangazi, shule zikifungwa, misheni iliwakusanya watoto wa makanisa yake yote, wa Mboko, wa Lweba na wa kule juu Fizi, wakae Baraka juma zima. Asubuhi waliimba na kusikiliza Neno, alasiri walicheza mpira. Waliofundisha mpira hawakulipwa kitu. Tulikula pamoja na watoto, bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na tukalala kwenye mikeka darasani. Mimi ningekubali hata bila ndagala. Nilikuwa winga wa kulia, na nasema bila kuona haya kwamba kwenye ufuko ule hakukuwa na aliyenifikia. Kuwafundisha watoto niliona ni haki yangu.

Lakini mwaka ninaousimulia nilikuwa na jambo kubwa kuliko mpira. Nilikuwa naoa. Kambi ingefungwa Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi yangu. Binti alitoka Lweba, na nilimpenda kiasi cha kupunguza sauti nikipita karibu na kwao.

Baba yake alikuwa mpasuaji mbao. Gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao tangu asubuhi. Kabla ya kukata, mzee alinyoosha kamba iliyopakwa majivu yenye maji, akaivuta juu kidogo na kuiachia, na pale ilipopiga gogo ulibaki mstari mweupe ulionyooka. Msumeno ulipaswa kuufuata mstari huo. Mtu wa juu akipiga kelele, wa chini anashtuka, msumeno unatoka kwenye mstari, na ubao umeharibika. Kwa hiyo mzee alichukia kelele kama wengine wanavyochukia siafu. Alikwisha kumkataa mchumba mmoja kwa sababu tu alimfokea mwenye mtumbwi mbele yake.

Siku wazee wetu walipokwenda kumaliza maneno ya posa, mzee alinigeukia, akasema, "Mi sikatai. Lakini kelele yako inafikaka hapa Lweba mbele ya we mwenyewe kufika. Harusi itakuwa. Lakini siku nitasikia umenikosea heshima na ile mudomo yako, nitarudisha bintu byenu byote, na mutoto wangu atabakia kwangu."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba," kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo. Wajomba zangu waligeuza nyuso ili wacheke.

Akaongeza, "Na nitakuja kwa kambi yako. Nione."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jina la mkwe halitajwi. Mwanamume hatamki jina la baba wa mke wake, na mwanamke hatamki la baba wa mume wake. Si uchawi wala woga, ni heshima tu, kama kuvua kofia. Na mtoto akipewa jina la babu yake, heshima yote ya babu inamfuata huyo mtoto. Anaweza kuwa na kamasi puani, lakini kwako wewe ni mkwe. Utamwita Baba, utamwita Mukwe, utamsogezea kiti. Jina lake hulitaji.

Jumatatu watoto wa Lweba waliposhuka kutoka mitumbwini, alikuwamo mwanamke mmoja, mke wa mtoto wa kwanza wa mzee yule. Alimshika mkono mvulana wa miaka kumi hivi, mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyopita kaptula yake. Akamsukuma kidogo mbele.

"Mwalimu, nakuletea mukwe wetu," akasema. "Muzee alisema atakuja. Ni yeye huyu, amekuja."

Nilielewa papo hapo. Mzee alikuwa amejituma mwenyewe kambini, akiwa na miaka kumi.

"Nitamuita namna gani uwanjani?" nikauliza.

Yule mama alimtazama mtoto wake, akamfuta vumbi begani. "Mi muntu nilimuzaa," akasema. "Sijamuitaka jina hata siku moja. Utazoea." Alisema hivyo akitabasamu, lakini mkono wake ulikaa pale begani muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Basi nikaanza kumfundisha baba mkwe wangu kucheza mpira.

Kazi hiyo simtakii adui. Siku ya kwanza niliwaambia watoto wakimbie kuzunguka uwanja mara tano. Alizunguka mara mbili, akaja mbele yangu akasema, "Mwalimu, mi nimechoka." Mwingine yeyote angerudi mbio kabla hajamaliza sentensi. Kwake nilisema, "Pumzika, Baba," na watoto kumi na tisa wakanitazama kana kwamba nimeota pembe. Kufikia jioni wote walikwisha jua siri. Walianza kumwita Mukwe na wao, hata wale wa Mboko wasio na undugu naye wowote. Alipokuwa na mpira hakuna aliyemkaba. Walimpisha kwa adabu, mmoja akiinamisha kichwa kwa mzaha, naye akapita nao mpaka golini akafunga, bila kufurahi.

Basi nikamweka golini. Golini, niliwaza, sitahitaji kumwambia akimbie. Na hapo nikagundua kuwa mtoto ana kipaji. Mikono ile mirefu ilidaka mpira bila sauti, na mpira wetu ulikuwa wa ngozi, mzito, wenye kamba ya mshono inayochuna vidole. Alikuwa na kasoro moja tu. Alibaki mstarini. Mpira wa juu ukija mbele yake, aliusubiri pale pale chini ya mwamba wa goli badala ya kutoka kuukuta, na mshambuliaji aliyewahi akaupiga kichwa. Kasoro kama hiyo inatibiwa na sauti. Unamwita mtoto jina lake, unamwambia, "Toka," kila siku mara hamsini, na mara ya hamsini na moja miguu yake inatoka yenyewe.

Mimi sikuweza kumwita. Na "Mukwe" haikusaidia kitu, kwa sababu jina hilo kila mtoto alikuwa akilipayuka kwa mchezo kutwa nzima, naye alikwisha kuziba masikio asilisikie. Nilijaribu kutuma ujumbe. Mlinzi wangu wa kulia, mtoto wa Mboko mwenye miguu ya matege na akili nyingi, alisimama kati yetu. Nikamwambia, "Mwambie Mukwe atoke," naye akageuka na kumwambia. Mara zote mpira ulifika kabla ya ujumbe. Mwisho nikabuni njia ya filimbi. Nikipuliza mara mbili fupi, maana yake golikipa atoke. Hiyo ilifanya kazi, nami nikajiona mjanja sana.

Misionere, mzungu mkuu wa misheni yetu, ndiye aliyeniharibia raha. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwekundu shingoni, aliyejua Kiswahili cha vitabu kuliko sisi wote. Fundisho lake la juma lile lilikuwa mchungaji mwema, anayewajua kondoo wake na kuwaita kila mmoja kwa jina. Kwa hiyo aliamuru kwamba kila jioni, kabla ya chakula, kila mwalimu asimame mbele ya watoto wake na kuwaita kwa majina, mmoja mmoja. Mimi niliita kumi na tisa kwa sauti iliyowaamsha popo wa kanisani. Kwa huyo wa ishirini nilikohoa na kunyoosha kidole.

Jumatano aliniita ofisini kwake. "Mwalimu," akasema, "kuna mtoto mmoja ambaye humwiti. Je, unamdharau?"

Nilimweleza yote, mkwe na jina na harusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba Bwana Yesu anamwita kila mtu kwa jina lake.

"Bwana Yesu hakuoa Lweba," nikamjibu.

Hakucheka. Alifunga Biblia yake taratibu, akasema, "Mtoto hajui hesabu zenu za wakubwa. Anachojua ni kwamba humwiti." Nilitoka nikiwa nimekasirika. Nilimwona ni mgeni asiyeelewa heshima ya watu. Kuhusu heshima yetu hakika hakuelewa, lakini kuhusu mtoto alikuwa sahihi, na nililijua hilo siku iliyofuata.

Alhamisi, baada ya mazoezi, watoto walikuwa ziwani wakinawa miguu. Siku hiyo nilikuwa nimewasha moto kwelikweli. Yule mlinzi wa Mboko nilimgombeza mpaka mishipa ikanisimama, na sasa alikuwa akiwasimulia wenzake majini kila neno nililomwambia, kifua mbele, kama mtu aliyepewa nishani. Mukwe alikaa peke yake juu ya jiwe. Nilipopita alinisimamisha.

"Mwalimu, juu ya nini haunigombezaka?"

"We ni mukubwa wangu," nikamjibu. "Muntu haezi gombeza mukwe wake."

"Bengine unabagombezaka. Leo niliachia magoli tatu." Alinionyesha vidole vitatu, vilivyochunwa na kamba ya mpira. "Tatu. Na haukusema kintu. Ulipiga tu ile filimbi, sawa mi ni mbuzi. Mi siko muchezaji?"

Nilimwambia akanawe, chakula kinangoja. Usiku huo sikufurahia mkeka wangu. Niliona aibu, na aibu ni kitu ambacho hunijia mara chache, kwa hiyo huniuma zaidi.

Ijumaa mzee mwenyewe alifika. Alitembea kwa miguu kutoka Lweba na wanawe wawili, na alipouona uwanja wetu aliushangaa. Misionere alikuwa amechora mistari kwa jembe, na ilikwenda kama njia ya mbuzi. Mzee alitoa kamba yake mfukoni, akawaamuru wanawe waishike huku na huku, akaomba majivu jikoni. Akapita kando ya kamba akiyamwaga kidogo kidogo, ameinama, mpaka uwanja mzima ukawa umezungukwa na mstari mweupe ulionyooka kama ubao wake. Alipomaliza akajinyoosha mgongo.

"Sasa muntu anajua wapi ni ndani na wapi ni inje," akasema.

Nilimletea kiti na maji. Nilimwongelesha kwa sauti ndogo siku nzima, koo likaniwasha.

Mechi ya kufunga kambi ilikuwa watoto wa mlimani dhidi ya watoto wa ziwani. Wa mlimani walifundishwa na mwalimu kutoka Fizi, mtu wa majivuno aliyevaa soksi ndefu. Wa ziwani walikuwa wangu. Jumamosi alasiri watu walijaa pande zote. Mzee aliketi kwenye kiti upande wangu, hatua chache nyuma ya mstari, na karibu naye walikaa wakwe zake wa kike, wake za wanawe, akiwamo mama wa golikipa wangu. Misionere ndiye alikuwa refa. Alikuja kwangu akanyoosha mkono.

"Filimbi," akasema. "Uwanjani ni moja tu."

Nikampa. Nilipoigundua hatari, alikwisha kuipuliza kuanza mchezo.

Sitaeleza mechi yote, ingawa naikumbuka yote. Tulifunga kipindi cha kwanza, kwa krosi kutoka winga ya kulia, jambo ambalo halikumshangaza yeyote aliyejua nani amewafundisha. Kipindi cha pili wa mlimani walitushambulia bila kupumzika. Wana mapafu wale watoto, kwa kupanda na kushuka kila siku. Golikipa wangu aliokoa mbili za chini, nzuri sana, na kila mara alinitazama. Nilimpungia mkono. Nini kingine ningefanya?

Kisha, mchezo ukielekea mwisho, mlinzi wangu wa Mboko alikanyaga mwiba, akakaa chini kuutoa. Upande ule ukawa wazi. Mtoto mmoja wa mlimani, mkubwa, aliupata mpira pembeni na kuuinua juu, na nikauona unavyokuja, mpira wa juu uleule, ukishuka taratibu mbele ya goli, na mshambuliaji wao akikimbia kuja kuupokea. Golikipa wangu alikuwa amesimama mstarini. Mjumbe alikuwa chini na mwiba. Filimbi ilikuwa kinywani mwa misionere.

Niliita jina.

Sikuliita nusu, na sikuliita kwa kujisahau. Napenda kusema ukweli hapa, kwa sababu baadaye watu wema walinitetea kwamba lilinitoka tu. Halikunitoka. Nilimwona mtoto, nikaona vidole vyake vitatu, na nikaliita jina lote kwa sauti yangu yote, na nikaongeza, "Toka, mujinga we, toka."

Alitoka. Miguu ile iliyokuwa imeota mizizi ilitoka mbio, akaruka juu ya kichwa cha mshambuliaji, akaupiga mpira ngumi mpaka ukavuka mstari wa mzee upande wa pili. Watu walipiga vigelegele. Upande wangu hakuna aliyepiga. Niligeuka nikaona wake za wanawe wameziba midomo kwa vitenge, na mzee amesimama wima mbele ya kiti chake, kama mtu aliyeitwa.

Tulishinda moja kwa sifuri, na sikusikia filimbi ya mwisho. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomweleza mama yangu kwamba sioi tena.

Mzee aliniita mbele ya kiti chake. Watu wa familia walikaa duara, nami nikapiga magoti mchangani. Mke wa mwanawe wa pili, mwanamke mwenye mdomo, hakungoja kuulizwa.

"Baba, tulisikia shiye bote. Huyu alikutaja. Mbele ya bantu, na matusi juu yake. Harusi gani tena?"

"Alitaja nani?" mzee akauliza.

"Alikutaja we."

"Namna gani? Alisema jina gani?"

Yule mwanamke alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa mkwe kama mimi. Mzee akamtazama aliyefuata, naye akatazama miguu yake. Akamtazama wa tatu. Wake za wanawe wote walikuwa wamelisikia jina, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulisema. Wanawe wangeweza, lakini siku hiyo walinyamaza, wakimngoja baba yao. Mwisho akanitazama mimi. "Na we? Ulisema nini?"

"Baba, siwezi kurudilia," nikamjibu. "Lakini nililisema."

Nilimtaka yule binti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na ningeweza kumpoteza kwa neno moja ambalo, Mungu anisamehe, sikulijutia.

Ndipo golikipa wangu akapenya katikati ya mama zake, vumbi mwili mzima, amekumbatia mpira kifuani. Hakupiga magoti. Hakuwa na sababu. Alikuwa akiongea na babu yake, mwenzake wa jina.

"Tata, haikukuwa we," akasema. "Aliniita mi. Ni jina langu. Mi ndiye golikipa."

"Ni jina yangu," mzee akamjibu.

"We haukukuwa kwa goli."

Sijui kama kuna jaji aliyewahi kusikia utetezi mfupi hivyo. Mzee alimwangalia mtoto, akaangalia vidole vyake vilivyochunwa. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye mstari wake wa majivu, akausimamia akiukagua, kama anavyokagua gogo kabla ya kuweka msumeno. Alirudi akaketi.

"Musikie bote," akasema. "Kule ndani ya mustari, ile jina ni ya mutoto. Huku inje ni yangu. Huyu alisimama inje. Ataleta kuku moja. Siku ingine akitaka kumugombeza, aingize muguu ndani." Akanigeukia. "Na kelele yako nilisikia. Ilinyooka."

Hilo ndilo neno la sifa kubwa kuliko yote niliyowahi kupewa na mtu. Kuku nilimpeleka jioni hiyohiyo, jogoo mkubwa, na Jumamosi iliyofuata nilioa. Mtoto alikaa meza kuu pamoja nasi, kwa kuwa alikuwa baba mkwe, akala paja la jogoo yuleyule.

Mwaka uliofuata kambi iliitwa tena, na mzee alikuja na kamba yake bila kuombwa. Nilifundisha wa ziwani, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani. Mwalimu wa Fizi aliuliza kama nina maumivu ya nyonga. Nilikanyaga majivu yale kila alasiri, nikamgombeza golikipa wangu kwa jina lake mara hamsini na zaidi, naye akavimba kichwa kwa furaha, akatoka golini hata pale asipotakiwa kutoka. Nikirudisha mguu nje, namwambia, "Karibu maji, Baba," naye anayapokea kwa mikono miwili.

Siku ya mechi ya kufunga, mama yake alikuja na kikapu cha ndagala kwa ajili ya jiko. Hakwenda jikoni. Alisimama pembeni yangu kipindi chote cha kwanza, akiangalia mguu wangu unavyoingia na kutoka. Kipindi cha pili kilipoanza akaweka kikapu chini.

"Shemeji," akasema, "ile mustari, ni ya balimu tu?"

Nilimtazama. Nikamtazama mzee kwenye kiti chake. Alikuwa akiangalia mchezo, au akijifanya anauangalia.

"Muzee alisema ndani ya mustari jina ni ya mutoto," nikamjibu. "Hakusema nani ataita."

Alivua kandambili. Akakaza kitenge kiunoni, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka akawa amesimama ndani kabisa, kisigino chake cheupe kwa majivu. Akaita. Ilitoka sauti ndogo, kavu, hata mimi niliyekuwa karibu nililisikia jina kwa shida. Mtoto hakugeuka. Alijaribu tena, ikawa ndogo vilevile.

Maisha yangu yote watu wamekuwa wakiniomba nipunguze sauti. Siku hiyo nilijua sauti niliyopewa ilikuwa ya kazi gani.

"Toka tumboni, shemeji," nikamwambia. "Si kooni. Vuta pumzi, kisha mwite kama anaibiwa."

Alivuta pumzi, akamwita mwanawe.

Jina lilivuka uwanja mzima. Mtoto aligeuka, akamwona mama yake amesimama ndani ya mstari, na mikono yake mirefu ikashuka ubavuni. Hakucheka wala hakulia, alisimama tu akimtazama kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Mpira wa watoto wa mlimani ulipita karibu na goti lake, ukaingia golini, naye hakuuona.

Mzee kwenye kiti aliinamisha kichwa kama anayekubali, akaanza kukunja kamba yake. Mlinzi wa Mboko aliniangalia, mabega juu, akingoja nilipuke. Nilirudisha mguu wangu nje ya majivu, nikamwambia akauchukue mpira tuanze upya.